Meneja Yuko Ukingoni

Kila asubuhi saa tatu, paka wa ghorofa ya tatu alikwenda kazini. Alitoka kwa dirisha la jikoni, akashika ukingo wa zege uliozunguka jengo kwa nje, upana wake shubiri moja na vidole viwili, akaenda nao mpaka kona, akakata kona, akaingia kwa dirisha la karakana ya miwani. Humo alipanda juu ya kabati lililo karibu na mashine ya kusagia lenzi, akalala mpaka mchana. Kazi hakuifanya hata siku moja, lakini kuchelewa hakuchelewa. Mtaa ukamwita Meneja.

Nyumba na karakana vilipakana, na mlango wa kupitia ndani ulikuwapo. Ila Mama aliuziba kwa kabati la vyombo siku aliyokuta vumbi la kioo kwenye unga, akamwambia mkamwana wake kwamba tangu hapo atakwenda kazini kwa kupitia ukumbini kama wafanyakazi wengine. Mkamwana alikubali. Paka hakukubali. Alijitafutia njia yake, na kwa miaka tisa hakuna aliyemwona akiteleza.

Mkamwana huyo ndiye mtaa ulimwita Fundi Miwani. Alipima macho, akasaga lenzi, akazitia kwenye fremu, yote peke yake katika chumba kimoja chenye cheti ukutani. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari, na hilo la pili ndilo lililomponza.

Wiki tatu kabla ya mkasa huu, Mama alimsimamisha ukumbini.

"Mkamwana, huyu paka haoni."

"Haoni nini, Mama?"

"Haoni. Nimehamisha kigoda jikoni, kakigonga kwa paji la uso kama mlevi."

"Ana miaka kumi na minne, Mama. Uzee una madharau yake."

"Dharau haigongi kigoda."

Fundi Miwani alikuwa na wateja wawili wanamngoja, na mumewe, ambaye angeweza kuingia kati ya mama yake na mkewe, alikuwa safarini kikazi. Basi akachuchumaa palepale ukumbini, kwenye mwanga haba, akampungia paka kiganja mbele ya uso, mara moja, mara mbili. Meneja akapepesa macho na kurudisha kichwa nyuma.

"Umeona? Anaona kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

"Nakwambia—"

"Mama, macho ni kazi yangu. Mimi siingilii sufuria zako."

Mama akanyamaza. Kunyamaza kwa Mama kulikuwa kama mlango unaofungwa polepole: husikii kishindo, lakini hupiti tena.

*

Asubuhi ya mkasa, Fundi Miwani alikuwa anampima dereva wa lori, mtu mnene wa shingo na mpole wa sauti, aliyetumwa na mwajiri wake alete karatasi ya macho.

"Soma mstari wa nne."

Dereva akasoma herufi zote saba kwa mkupuo, kama mtoto anayetaja jedwali la kuzidisha.

"Vizuri. Sasa soma hizohizo ukianzia mwisho."

Dereva akakohoa. "Kinyumenyume?"

"Ndiyo."

"Fundi, hata lori haliendi safari nzima kinyumenyume."

"Umezikariri."

Yule bwana akaangalia viatu vyake, kisha akacheka kwa aibu. "Shemeji yangu alipima hapa mwezi uliopita. Alinitajia zote kwenye simu. Kwa kwenda mbele hata uniamshe usingizini sikosei. Ukinigeuza tu, nimekwisha. Sijui hata nianzie wapi."

"Na barabarani unafanyaje?"

"Barabara naijua."

"Na ng'ombe akivuka? Naye umemkariri?"

Alimwandikia miwani, akampa sanduku la fremu achague, kisha akarudi kwenye mashine kumalizia lenzi ya mteja mwingine. Jiwe likazunguka, maji yakadondoka juu yake, na kioo kikaanza kutoa ule mwimbo wake mwembamba wa *sssss* ambao Fundi Miwani alikwisha kuacha kuusikia miaka mingi. Mashine ilielekea ukuta. Dirisha lilikuwa mgongoni pake, na harufu ya rangi mbichi ilikuwa inaingia, kwa kuwa jengo lilikuwa linapakwa rangi tangu juzi na mafundi walikuwa wamefika upande wa kichochoroni.

Ndipo sauti ya kinyozi ikapanda kutoka chini. Kinyozi alikuwa na kibanda mkabala na jengo, na mdomo ambao haukuwahi kufunga kazi.

"Fundi Miwani! Njoo umtazame Meneja wako! Leo anatembea kama mtu anayekwepa mwenye nyumba!"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kikageuka kuwa *aaah!* moja ndefu, ya watu wengi.

Fundi Miwani alizima mashine, akakimbilia dirishani.

Meneja alikuwa kwenye kona. Miguu ya mbele ilikuwa imeshakata upande wa kichochoro, ya nyuma bado iko upande wa barabara, na mwili umejikunja kwenye pembe kama kitambaa kilichoanikwa kambani. Kutoka kwake hadi dirishani kulikuwa na hatua nne za mtu mzima, mbali kuliko mkono wowote. Chini yake, ghorofa tatu, mafundi rangi walikuwa wameegemeza vyuma vya jukwaa lao ukutani, ncha juu.

Na katikati ya paka na dirisha, palepale ukingoni, kulikuwa na kopo la rangi lililojaza upana wote.

"Nani kaweka kopo hapa?"

"Mimi, Fundi," ilijibu sauti kutoka juu. Kijana wa rangi waliyemwita Brashi alikuwa ananing'inia kwenye ubao wa kamba usawa wa ghorofa ya nne, brashi mkononi. "Niliweka dakika moja tu. Sikujua ukingo una wenyewe."

Paka akalia. Haukuwa mlio wa njaa wala wa ugomvi. Ulikuwa mlio mrefu, mkavu, wa kuita bila kumwita yeyote.

Kutoka dirisha la jikoni, upande wa pili wa kona, ambako Fundi Miwani hakuweza kuona, sauti ya Mama ikaitika: "Meneja! Rudi, baba! Rudi kwangu, njoo!"

Barabara nzima ikamsaidia. Rudi! Rudi, Meneja! Pspspsps! Kinyozi akapiga makofi. Mwingine akagonga kifuniko cha sufuria. Kila sauti ilipotoka, kichwa cha paka kiligeukia huko, na kila kichwa kilipogeuka, mguu mmoja ulinyanyuka na kutafuta pa kukanyaga hewani, ukakosa, ukarudi.

"Mbona hageuki?" mtu aliuliza.

Fundi Miwani hakungoja jibu. Alishika ufagio wenye mpini mrefu, akautoa nje ya dirisha, akajivuta mpaka tumbo likakaa juu ya kizingiti. Dereva akamshika kiuno kwa mikono miwili na kuomba radhi kwa kumshika. Nia ya Fundi ilikuwa aupitishe ufagio juu ya kopo, auweke mbele ya paka, paka auone, aung'ang'anie kwa kucha, naye amvute. Ilikuwa hesabu nzuri. Ilihitaji kitu kimoja tu, paka auone ufagio unakuja.

Manyoya ya ufagio yakamgusa Meneja kwenye masharubu.

Paka aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alipiga makucha hewani, upande ambao ufagio haukuwapo, na miguu ya nyuma yote miwili ikatoka ukingoni. Barabara ikapiga yowe. Kwa muda ambao Fundi Miwani hakuweza kuupima, paka aliyekuwa analala karibu na kiwiko chake kila siku alining'inia kwa kucha nane, tumbo likikwaruza zege, mkia ukizunguka kama unatafuta kamba.

Kisha akajivuta. Mguu mmoja, halafu wa pili. Akajibana ukutani, kifua kikipanda na kushuka, uso ameuelekeza dirishani.

Jua la saa tatu lilikuwa linapiga kichochoro sawasawa, likamwangaza uso mzima. Na Fundi Miwani, akiwa nusu ndani nusu nje, vidole vimemfa ganzi kwa kuukaza ufagio, aliona kile alichopaswa kukiona wiki tatu nyuma. Mboni ya paka juani hujikunja ikawa uzi. Hizi hazikujikunja. Zilikuwa zimefunguka wazi, nyeusi tii, duara kamili kama vifungo vya koti, na jua liliingia ndani yake lisikute mtu.

Ule mkono alioupunga ukumbini ulitoa upepo. Paka alipepesea upepo.

Akaurudisha ufagio ndani polepole, akaulaza sakafuni bila kuutua kwa kishindo.

"Mkamwana!" Mama aliita kutoka upande wa pili wa kona. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Niambie. Anaona au haoni?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. Kinyozi alikuwa ameinua uso. Brashi alikuwa anachungulia kati ya magoti yake mwenyewe.

Fundi Miwani akaegemea kizingiti.

"Haoni, Mama."



"Basi sema tufanye nini," Mama akajibu. "Macho ni kazi yako."

*

Jambo la kwanza alilofanya ni kumtazama dereva.

"Umesema ukigeuzwa unapotea."

"Eeh?"

"Herufi. Kwa kwenda mbele hukosei, kinyumenyume hujui uanzie wapi."

"Ndiyo, lakini Fundi, saa hii si wakati wa kunisema—"

"Sikusemi. Na yeye ndivyo alivyo. Ameikariri njia hii. Anaijua kwa kuja tu. Hajawahi kurudi kwa ukingo, mchana mimi humbeba nikimrudisha kwa ukumbini." Akatoa kichwa dirishani. "Mama! Usimwite! Nakuomba, usimwite tena. Hawezi kurudi. Lazima aje mbele."

"Mbele kuna kopo!"

"Kopo tunaliondoa. Wewe nyamaza tu, Mama. Hata usipumue kwa nguvu."

Kabla ya hapo hakuwahi hata siku moja kumwambia Mama anyamaze. Mama alinyamaza.

"Kinyozi!"

"Niko hapa, Fundi! Niambie tu! Watu wangu wako tayari, tuna kamba, tuna godoro la—"

"Funga mdomo wako. Na wa mtaa wote."

Kinyozi alifungua mdomo ajibu, akamtazama paka, akaufunga. Kisha alifanya jambo ambalo watu walilisimulia kwa muda mrefu: alizima redio ya kibandani, akang'oa shuka jeupe lililokuwa shingoni mwa mteja wake aliyenyolewa nusu, akaenda kusimama katikati ya barabara, shuka ameliinua juu kwa mikono miwili. Pikipiki ya kwanza ilipiga breki. Mwenyewe alipotaka kutukana, kinyozi akamwonyesha juu kwa kidevu. Injini ikazimwa. Ya pili ikazimwa. Barabara ile, ambayo haikujua kunyamaza tangu iwekwe lami, ikanyamaza.

"Brashi," Fundi Miwani alinong'ona. "Shuka. Chukua kopo."

"Fundi, mimi paka namwogopa."

"Nini?"

"Toka nikiwa mdogo. Alinirukia mgongoni. Mimi hata picha ya paka—"

"Huyu haoni, Brashi. Hata hajui kama upo."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

"Wewe ndiye uliyeliweka hilo kopo."

Brashi akauma mdomo. Akalegeza kamba. Gurudumu lililokuwa juu kabisa ya jengo likalia *kwiiik*, na masikio ya Meneja yakalala nyuma. Brashi akaacha. Masikio yakasimama. Akalegeza tena, kiasi cha kidole. *Kwik.* Paka akainua mguu wa mbele, akauacha hewani, haujui uende wapi. Kila mtu chini aliinua mguu wake pamoja naye bila kujijua.

Ubao ulishuka hivyo, kidole kwa kidole, mpaka Brashi akafika usawa wa ukingo, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Alinyoosha mkono. Kopo lilikuwa limegandia kwenye rangi iliyoanza kukauka, likakataa. Akalizungusha taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Likatoa mkwaruzo mmoja. Meneja akafoka kwa hasira, uso dhidi ya kitu asichokijua, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye vidole vya Brashi. Brashi akafumba macho. Akanyanyua. Kopo likaja.

"Sasa atakuja?" aliuliza bila sauti, kwa midomo tu.

Hakuja.

Fundi Miwani alisubiri akihesabu. Njia ilikuwa nyeupe, tupu, na mbichi kwa rangi. Paka alinyoosha shingo, akanusa ukuta pale ambapo miaka tisa alikuwa anasugulia shavu lake kila asubuhi, akakuta harufu ya duka la vifaa vya ujenzi. Shavu likarudi na doa jeupe. Akalia tena. Njia yake ilikuwa imefutwa, na miguu ilikuwa imeanza kumtetemeka. Paka wa miaka kumi na minne hawezi kujibana kwenye shubiri moja na vidole viwili asubuhi nzima.

"Ajabu," Brashi alinong'ona. "Mwanzoni alikuwa anakuja. Polepole, ananusanusa, lakini anakuja. Mimi nilikuwa namwona kutoka juu. Wewe umezima mashine yako, naye akasimama hapohapo. Kama umemzima yeye."

Fundi Miwani aligeuka akaitazama mashine.

Harufu waliifuta mafundi. Sauti aliizima yeye.

"Kaa dirishani," alimwambia dereva. "Usimwite. Usitoe mkono. Niambie tu anachofanya."

"Na wewe?"

"Nasaga."

Aliketi, mgongo kwa dirisha. Akawasha. Jiwe likazunguka na kunguruma tu, ngurumo tupu, na alijua mara moja kwamba hiyo si sauti yenyewe. Mashine isiyo na kioo haiimbi. Akafungulia maji, akaichukua ile lenzi ya mteja aliyokuwa anaimalizia, ambayo haikuhitaji hata chembe moja zaidi kuondolewa, akaigusisha kwenye jiwe.

*Sssss.*

"Masikio yamesimama," dereva alinong'ona. "Nadhani."

"Unadhani?"

"Fundi, wewe mwenyewe umeniandikia miwani. Naona kitu cheusi kwenye kitu cheupe."

"Kinasogea?"

"Kinasogea… au ni kivuli cha kamba. Ngoja. Hapana. Kivuli."

Vidole vyake vilitaka kugeuka. Shingo ilitaka kugeuka. Lakini kazi ya kusaga haina nusu. Ukigeuza kichwa mkono unafuata, mkono ukifuata mwimbo unakatika. Akakaza macho kwenye lenzi. Ilikuwa imeshapita kipimo cha fremu yake. Haikuwa ya mtu tena. Akaendelea. Ikawa kama sarafu kubwa, kisha kama sarafu ndogo.

"Kipo wapi sasa?"

"Kimerefuka."

"Kimerefuka vipi?"

"Kilikuwa duara, sasa kirefu. Labda ametoa mguu wa nyuma kwenye kona. Au anateleza. Sijui, Fundi, wallahi sijui, nisamehe."

Maji yalidondoka. Lenzi ikawa kama kifungo cha shati, na ncha za vidole vyake sasa zilikuwa karibu na jiwe kuliko alivyowahi kuziruhusu. Alihisi joto lake. Kidole cha shahada kikagusa, ngozi ikatoka, maji yakawa mekundu kidogo. Hakukiondoa.

"Fundi."

"Sema."

"Simwoni."

"Humwoni vipi?"

"Palipokuwa na weusi ni peupe tupu. Hayupo."

Alingoja yowe la barabara. Lingekuja nusu pumzi baada ya mwili kuondoka ukingoni. Watu hawawezi kulizuia. Alingoja na kusaga, amekaza meno mpaka taya ikamwuma, na yowe halikuja, wala kishindo cha vyuma hakikuja, na kipande cha kioo kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi kwamba mwimbo wake ulianza kukonda, kukonda.

Kitu kikagusa mbao nyuma yake. *Tup.* Chepesi. Kisha tena, *tup.*

"Mungu wangu," dereva alisema. "Alikuwa chini yangu. Alikuwa chini ya kidevu changu nami natazama mbali."

Dirisha likafungwa. Kioo cha mwisho kikaruka kutoka vidoleni kikapotelea chini ya meza, na Fundi Miwani hakuzima mashine mpaka aliposikia, juu ya kabati, mwili unajizungusha mara mbili na kulala.

Nje, kinyozi alishusha shuka. Mtaa ulipiga kelele kiasi cha kufidia dakika zote ulizonyamaza.

*

Mama aliingia kwa mlango wa ukumbini. Hakumtazama mkamwana wake, hakuitazama damu kwenye kidole. Alimchukua paka, akamfuta rangi shavuni kwa ncha ya nguo yake, akasema, "Tafuta kikapu," na Fundi Miwani akatafuta.

Kwa daktari wa mifugo walikwenda kwa miguu. Mama alibeba. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana. Alimfungia Meneja kitambaa cha kupimia presha kwenye mguu, akakijaza upepo, akapima mara tatu. Kisha akamwangaza macho kwa taa ndogo, kwa muda mrefu, jicho moja baada ya jingine. Mama hakuweza kutazama. Alitoka akakae kwenye benchi la nje.

"Presha yake imepanda sana," daktari alisema. "Kwa paka wazee hutokea. Imembandua pazia la ndani ya macho. Ilianza lini?"

Fundi Miwani alijua kwa nini anaulizwa. Aliyasoma mambo haya kuhusu macho ya watu, na ya paka hayakuwa mbali.

"Wiki tatu."

Daktari akazima taa. "Angeletwa siku zile za kwanza, kwa vidonge, pengine tungeokoa kiasi. Wengine huona tena. Sasa…" Akampapasa Meneja mgongo. "Vidonge atakunywa, vitamlinda moyo na figo. Macho yamekwenda. Ataishi vizuri ndani ya nyumba. Msihamishe vitu."

Fundi Miwani alipotoka na mfuko wa dawa, Mama alisogea kidogo kwenye benchi, ampe nafasi. Fundi Miwani hakuketi.

"Amesemaje?"

Maneno yalikuwa tayari, laini kabisa, yamejipanga yenyewe ulimini: *ni uzee tu, Mama*. Hakuna ambaye angejua. Daktari alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine. Mama mwenyewe angeshukuru kuyasikia, na jioni wangekula wakiongea.

"Amesema haoni na hataona," Fundi Miwani alisema. "Na amesema tungemleta uliponiambia, labda angeona. Si uzee, Mama. Ni mimi."

Mama alifunika kikapu vizuri. Alichukua muda mrefu kukifunika.

"Uliniambia anaona kuliko mimi," alisema hatimaye.

"Nilikwambia."

"Mbele yake. Naye anasikia."

Fundi Miwani akakunja mdomo wa mfuko wa dawa, na Mama akautazama.

"Hivyo vidonge mara ngapi?"

"Mara moja. Kila asubuhi. Maisha yake yote."

"Utampa wewe," Mama alisema, akasimama na kikapu. "Si mimi. Utakuja jikoni, utamfungua mdomo, utampa, na mimi nitakuwa nimekaa pale nakutazama. Kila asubuhi. Mpaka nitakapochoka kukutazama."

"Sawa, Mama."

"Sijasema nitachoka."

Akatangulia. Kwenye ukingo wa barabara alisimama, akangoja gari lipite, na bila kugeuka akarudisha mkono nyuma, si kwa kumshika mkamwana wake, bali kumpokonya ule mfuko wa dawa, auhakikishe mwenyewe. Akaufungua, akahesabu vidonge kwa ncha ya kidole, akamrudishia.

"Tembea," alisema. "Jua litampiga."